Kisumu kwa Swali Moja la Dagaa

Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye mwenyewe hajawahi kwenda mahali kwa ajili ya kutembea tu. Lakini nilipomwambia kwamba mimi na mdogo wangu wa kiume tumepanga likizo ya wiki moja Kisumu, Kenya, alinipa ushauri mmoja: "Ukifika, ulizia dagaa wao wakoje. Mengine yatakuja." Nilimwitikia tu. Kwenye simu nilikuwa tayari na orodha ya mahali kumi na mbili pa kula, pamoja na picha na nyota zilizotolewa na waliotangulia.

Orodha ile iliishi jioni moja.

Tulivuka mpaka wa Sirari Jumatano mchana mwishoni mwa Agosti. Pasipoti ziligongwa ndani ya jengo moja la pamoja, tukaendelea Migori, Kisii, Oyugis, Sondu na Ahero, na giza lilipoingia tukawa Kisumu. Tuliweka mabegi gesti tukaenda moja kwa moja kwenye mgahawa uliokuwa juu kabisa ya orodha yangu. Ulikuwa msafi, una taa nzuri na upepo wa ziwa. Orodha ya chakula ilikuwa na chipsi, kuku wa kukaanga, baga, piza, na minofu ya sangara iliyoviringishwa kwenye unga wa ngano. Waliokaa meza za jirani walikuwa wageni kama sisi. Chakula hakikuwa kibaya, ila ningeweza kukila Dar es Salaam au Kampala nisijue niko mji gani. Ziwa tulilokulia lilikuwa pale karibu, na kwenye sahani yangu halikuonekana.

Usiku ule nililala nikiifikiria ile orodha. Wanaoandika maoni kuhusu mahali pa kula ni wasafiri, na wasafiri huandika kuhusu mahali walikoelekezwa na wasafiri wenzao. Mama mwenye karai na meko mawili hana ukurasa wowote. Wateja wake wanakuja kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja anayeona sababu ya kuandika kwamba leo alikula kwake tena. Halafu picha za mtandaoni hazizeeki. Nilikuwa nimehifadhi picha nyingi za vibanda vya samaki vya Lwang'ni, kando ya ziwa, mahali ambapo kila mtu aliyewahi kupita Kisumu anapataja. Asubuhi yake dereva wa tuktuk (ndiyo bajaji yetu) aliniambia vibanda vingi vya pale vilibomolewa wakati bandari inakarabatiwa. Jina lenyewe kwa Kijaluo maana yake ni nzi. Wajaluo wameliita hivyo kwa mapenzi tu, kwa kuwa penye samaki wengi nzi hawakosi.

Nikamuuliza dereva yule yule, "Kaka, nitapata wapi chakula kizuri?"

Akanitajia hoteli tatu. Zote zilikuwa kwenye orodha yangu.

Nikabadilisha swali. "Na wewe leo mchana utakula wapi?"

Akaniangalia kwenye kioo. "Mimi? Mimi nitakula Obunga. Lakini huko si mahali ya wageni, madam. Unataka hoteli mzuri, ama unataka chakula?"

Nikamwambia nataka chakula.

Obunga iko upande wa kaskazini wa mji, ukielekea barabara ya Kakamega. Ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, nyumba za mabati zimebanana, na harufu ya mafuta ya moto inakupokea kabla hujashuka. Kina mama wamekaa nyuma ya makarai makubwa, na ndani ya makarai kuna kitu nilichokitambua kwa mbali: mifupa ya sangara, kichwa mpaka mkia, minofu imeshachukuliwa, imekaangwa hadi imekuwa rangi ya kahawia.

"Haya ni mapanki!" nilisema kwa sauti.

Mama aliyekuwa anageuza alicheka. "Kwani nyinyi mnaita aje?"

"Mapanki."

"Hapa ni mgongo wazi."

Mgongo wazi. Sijui kama kuna jina la chakula linalosema ukweli kuliko hilo. Viwanda vinachukua minofu na kuisafirisha nje, kinabaki kiunzi, na kina mama wanakinunua na kukifanya chakula. Ni vilevile Mwanza. Sangara mwenyewe aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu wetu wadogo, akakua, akaleta viwanda, na viwanda vikaleta mapanki kwetu na mgongo wazi kwao. Nilimwambia mama yule kwamba nimekula chakula hiki utotoni, na kwamba mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Kuanzia hapo sikuwa mteja tena. Aliniita nyar Mwanza, yaani binti wa Mwanza, akatuvutia benchi.

Anayejua kula mgongo wazi haharakishi. Nyama nyingi iko shingoni na nyuma ya mashavu, na ile iliyobaki kati ya miiba imekauka vizuri, unaivuta kwa vidole. Ugali wao ni mgumu kuliko wetu, unakatwa kama tofali, na hakuna anayekuletea kijiko. Kachumbari ilikuwa nyanya, kitunguu na pilipili nzima. Tulilipa sisi wawili bei inayokaribia ile ya soda mbili za jana yake.

Nikamuuliza swali la mama yangu. Omena (ndio dagaa wetu), akaniambia, usinunue popote tu. Nunua soko la Kibuye Jumapili, na uulize walianikwa wapi. Na nikitaka samaki mzima akiwa bado anatoka majini, niende Dunga asubuhi. "Ukifika sema umetumwa na mama wa mgongo wazi, Obunga." Basi. Likizo yetu nzima ilijengwa juu ya maelekezo ya namna hiyo, mmoja akitutuma kwa mwingine.

Kabla sijafika Dunga niseme kidogo kuhusu lugha, kwa sababu Mtanzania anaweza kudhani Kiswahili kitamtosha bila kuuliza. Kinatosha, ila kwenye chakula kina mitego. Kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali: samaki, nyama, maharage. Kisumu nilipouliza "mboga gani zipo?" nilijibiwa sukuma wiki, kabeji na managu, maana kwao mboga ni majani tu. Wali wanauita mchele hata ukiwa umeiva uko kwenye sahani. Choroko ni ndengu. Mchuzi ni supu, kwa hiyo ukiulizwa "nikuongezee supu?" usitegemee bakuli. Ukiagiza chai bila maelezo italetwa ya maziwa. Ya rangi wanaiita strungi. Kambare ni mumi, sato ni ngege, sangara ni mbuta. Na kwenye matatu, soo ni mia na mbao ni ishirini. Mdogo wangu alidaiwa mbao akabaki amesimama mlangoni, mpaka bibi mmoja akamtafsiria. Nilimwamkia bibi yule "shikamoo" na uso wake ulifunguka. Huko hawaitumii sana mitaani, lakini mzee akiisikia anajua umemheshimu.

Dunga ni kijiji cha wavuvi, kilomita chache kusini mwa mji. Tulifika Ijumaa kabla ya saa moja asubuhi, na ninasisitiza saa hiyo, kwa sababu ziwa lina ratiba yake. Asubuhi limetulia, mchana upepo unaamka na mitumbwi midogo inarukaruka. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya kinamasi, katikati ya mafunjo marefu kuliko mtu. Kijana wa kikundi cha wanakijiji wanaotembeza wageni alitusimamisha, akaweka kidole mdomoni, akatuonyesha ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Ndege yule haishi mahali pengine ila kwenye mafunjo. Mafunjo yakifyekwa, naye hana pa kwenda. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote na sikuwahi kulijua hilo.

Tulipanda boti. Hapa nina ushauri wa wazi: mapatano yafanyike mkiwa nchi kavu. Uliza bei ni ya boti nzima au ya kichwa, ni ya saa moja au ya mzunguko, na jaketi la kuokolea livaliwe kabla injini haijawashwa. Kijana wetu alikuwa mwaminifu, hatukupata shida. Tuliona viboko wanne kwa mbali, akakataa kuwasogelea ingawa mdogo wangu alimwomba, nikamheshimu kwa hilo. Tuliona pia gugu maji, limejikusanya kama zulia la kijani upande mmoja wa ghuba. Alituambia likisukumwa na upepo linaweza kufunga mwalo mzima, mitumbwi isitoke.

Tuliporudi nilikwenda kwenye meza za samaki. Ukiwa Kisumu usiulize tu "samaki bei gani". Uliza ni wa ziwa, wa kizimba, au wa China. Kenya ina sehemu ndogo tu ya ziwa hili, kama asilimia 6, wakati sisi Tanzania tuna karibu nusu. Walaji ni wengi kuliko samaki, kwa hiyo pengo linazibwa na sato wanaofugwa kwenye vizimba majini na wengine wanaokuja wakiwa barafu kutoka China. Hakuna dhambi katika hilo, na wauzaji niliowauliza walinijibu bila kuona haya. Ila kama umesafiri kuja ziwani, una haki ya kula wa ziwani. Nilichagua ngege kwa macho na mashavu: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu. Mama wa jikoni aliniuliza nataka wa kukaushwa au wa mchuzi, nikasema wa mchuzi, akampasua ubavuni, akamkaanga kwanza, ndipo akamwingiza kwenye nyanya na vitunguu. Pembeni aliweka osuga, ambao ni mnavu, uliopikwa kwa maziwa.

Osuga ule ndio chakula nilichokikumbuka zaidi kuliko vyote. Mnavu kwetu tunaupika kwa karanga, au tunaukaanga, na uchungu wake tunauvumilia. Wao wanauchemsha, wanauweka kwenye maziwa, wanauacha, wanaupasha moto tena, kesho yake tena, na kila unapopashwa uchungu unarudi nyuma na utamu unasogea mbele. Mama yule wa jikoni aliniambia wa siku ya kwanza humpa mtu mwenye haraka. Wa siku ya tatu ndio wa mgeni. Nilikaa pale mpaka saa sita nikiulizia majani: dek ndio mgagani, boo ni kunde, apoth ni mlenda, mitoo sikuwa na jina lake. Unaweza kukaa Kisumu mwezi mzima ukila kwenye hoteli kubwa na usiyaone haya, kwa sababu yanahitaji siku tatu na jikoni la mtu anayepika kila siku.

Ni yule kijana wa boti aliyetuambia kwamba kesho yake, Jumamosi, kungekuwa na mafahali upande wa Kakamega. Tuliondoka gizani. Sitasimulia mengi. Waisukha na Waidakho, wa jamii ya Waluhya, wanapambanisha fahali kwa fahali, alfajiri, wakiwasindikiza kwa ngoma za isukuti, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Fahali anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Anakimbilia popote, hakuna uzio, kwa hiyo fanya tulichoambiwa na mwenyeji wetu: simama walipo wazee, na wazee wakianza kusogea, sogea. Baadaye tulikula ingokho, kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu, na firigisi ikawekwa mbele ya mdogo wangu bila maelezo kwa kuwa ndiye mwanamume pekee mezani. Ni desturi yao.

Alasiri tulirudi mjini tukaingia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Kama una saa mbili tu mjini, zipeleke pale. Kuna boma kamili la Kijaluo, la mume mwenye wake watatu: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango, kisha nyumba ya nyachira na ya reru, na maghala ya nafaka. Nyumba ya mtoto wa kiume karibu na lango inaitwa simba. Nilisimama mbele ya simba ile muda mrefu, kwa sababu rafiki yangu mmoja wa Rorya, Mjaluo wa upande wetu, amekuwa akiniambia miaka mingi kwamba kaka yake "amejenga simba", na sikuwahi kumuuliza maana yake. Kuona boma lile kulinisaidia pia Jumatatu, tulipokwenda Kit Mikayi, kwenye barabara ya Bondo. Ni mawe makubwa yaliyosimama juu ya mengine kama yamepangwa na mkono. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza: mzee mmoja aliyapenda mawe yale mpaka akawa anashinda humo, na mkewe akiulizwa mumewe yuko wapi alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Ndani ya mapango tulikuta watu wanasali. Tulivua viatu, tukanyamaza, simu tukaiweka mfukoni.

Kuhusu fedha, kwa wanaonuia kwenda. Sisi shilingi moja ya Kenya tuliihesabu kama ishirini za kwetu, lakini uliza siku yenyewe, na ukibadilisha mpakani hesabu noti mwenyewe kabla hujaondoka mbele ya mtu. Sajili laini ya simu ya Kenya kwa pasipoti yako. Hata mama wa karai analipwa kwa M-Pesa, namba yake imeandikwa kwa chaki kwenye mlango, na kabla hujabonyeza kukubali, soma jina linalotokea na umuulize kama ndilo. Kikapu kibebe kutoka nyumbani, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017.

Jumapili ilikuwa ya Kibuye. Soko hilo hufunguliwa kila siku, lakini Jumapili linafurika mpaka barabarani: mitumba, makochi, nyavu, nyanya, kuku wamefungwa miguu. Upande wa samaki wakavu niliufuata kwa pua. Nilikuta obambo, sato aliyepasuliwa na kuanikwa juani, nilikuta kambare wa moshi, na mwisho wa safu nilikuta omena, vilima vya fedha juu ya magunia, na mama mmoja mzee amekaa katikati yake amenyoosha miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si wa hapa."

Nikamweleza. Mwanza, Mwaloni, mama yangu, miaka ishirini. Aliniuliza maswali kabla sijamuuliza langu. Mama yako alikuwa anapokea mzigo siku zipi? Siku za giza, nikasema, mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna kitu. Akatikisa kichwa, sawasawa. Huku pia karabai, taa ya kuvulia usiku, haishindani na mwezi. Na tena huku, akasema, serikali huwafungia uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa kawaida Aprili mpaka Julai, ili wazaliane, kwa hiyo nilikuwa na bahati kuja baada ya kufunguliwa. Ukija kipindi cha kufungwa, ujue omena unaouziwa ni wa ghala.

Ndipo nikauliza walianikwa wapi. Alichota kiganja, akakifungua mbele ya macho yangu, akawapuliza kwa pumzi. Hakuna kilichoruka. "Juu ya wavu," alisema. Halafu akachota kutoka kilima cha pili, cha bei ya chini, akapuliza, na vumbi la mchanga likanipata shavuni. Alinielekeza pia mapishi: waoshe kwa maji ya moto mara mbili, wakaange bila haraka mpaka walie, limau mwishoni. Kitunguu kiwe kingi kuliko unavyodhani.

Anapima kwa gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili ambalo Kenya nzima inalitumia sokoni. Nilinunua gorogoro mbili za omena wa kwenye wavu. Nikamwomba aniuzie na kopo lenyewe. Alikataa kuniuzia, akanipa la zamani lililobonyea ubavuni, bure. "Mpelekee mama yako."

Tulifika Mwanza Jumanne usiku. Mama hakuuliza habari za boti wala za fahali. Alimimina omena kwenye ungo, akachukua mmoja, akamvunja kichwa, akamnusa, akamweka mdomoni akiwa mkavu hivyo hivyo.

"Hawa hawajagusa mchanga," alisema.

Kisha akaliona kopo. Aliligeuza, akalipima kwa mkono, akauliza mwenzake wa Kibuye anauza gorogoro kwa shilingi ngapi, nikamtajia, akakokotoa kimya midomo ikicheza. Akaniagiza nimletee sado yake, kopo letu la kupimia sokoni, kutoka jikoni na gunia la mahindi. Aliiweka sado sakafuni, akajaza gorogoro, akalikwangua juu kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya Mwaloni, akamimina. Ya kwanza. Akajaza tena, akakwangua, akainama karibu kabisa kuangalia mahindi yanapofikia.

"Ya pili," alisema. "Lete taa."